Mpime kuku kabla ya kupima mbao: banda la uani Tabora

Vifaranga wa siku moja karibu wote wanalingana. Wa kuchi, wa kuroiler, wa kienyeji wa kawaida, kila mmoja anaenea kwenye kiganja, na ndiyo maana watu wengi wanajenga banda kwa macho ya siku ile ya kununua. Miezi sita ikipita, jogoo wa kuroiler ana kilo tatu na zaidi, mlango ni uleule, fito ya kulalia ni ileile, na mwenye mji anashangaa kwa nini kuku wananyonyoka kifua na kulala sakafuni kwenye mavi.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye uwanja wa nyuma hapa Tabora, awe Kanyenye penye viwanja vilivyobanana au Itetemia penye nafasi, anayetaka kuku kati ya kumi na hamsini. Mfugaji wa mamia ana hesabu zake nyingine.

Hatua ya 1: Amua kuku watakaa ndani saa ngapi

Hili linatangulia hata aina ya kuku. Kuku anayefunguliwa asubuhi, akashinda chini ya mwembe akichakura, akarudi jioni, anahitaji banda la kulala tu. Kuku anayefungiwa kutwa anahitaji karibu mara moja na nusu ya eneo hilo au zaidi, kwa sababu humo humo ndimo anakula, anakunywa, anataga, anaoga vumbi na kugombana.

Watu wa Ng'ambo na mitaa mingine ya katikati ya mji wajiulize swali hili kwa ukweli. Unaweza kupanga kuwafungulia, lakini mchicha wa jirani ukishaliwa mara mbili, mjumbe akaitwa, utaishia kuwafungia. Kama uwanja wako hauna wigo, piga hesabu ya kuku wa kushinda ndani tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Jua ukubwa wa kuku akishakomaa

Usimuulize muuza vifaranga peke yake. Nenda kwa mtu anayefuga aina hiyo, omba umwone jogoo aliyekomaa, mbebe, ukiweza mtie kwenye kikapu umpime kwa mizani ya kuning'iniza. Tazama mambo matatu: uzito, upana wa mabega na kimo akiwa amesimama wima.

Wadogo ni vibete na kuku wetu wa kienyeji wa kawaida. Tetea wake anacheza kwenye kilo moja hadi moja na nusu, jogoo anazidi kidogo. Ching'wekwe naye yuko kundi hili. Ni wepesi, wanaruka vizuri, na ukiwaachia watapanda mwembe walale huko huko.

Wa kati ni kama wale kuku wa mayai wa kisasa, ambao akikomaa ana kilo mbili hivi, pamoja na machotara wengi wanaotokana na tetea wa kienyeji na jogoo mkubwa.

Wakubwa ni kuchi, singamagazi anayetajwa sana ukanda huu wa magharibi, kuroiler, sasso na wale weusi wanaoitwa Malawi. Majogoo wa kuchi na singamagazi wanakaribia kilo tatu. Kuroiler na sasso wakilishwa vizuri wanafika tatu na nusu, hata nne. Juu yao yupo Brahma, mwenye manyoya hadi kwenye vidole, ambaye jogoo wake anaweza kufika kilo tano. Wapo watu wanaomfuga kwa urembo, na sina ugomvi nao, ila mwili ule na joto la Oktoba ni mateso.

Kishingo (mwenye shingo tupu) na kidimu (mwenye manyoya yaliyojikunja) nimewaacha makusudi. Majina hayo yanaeleza manyoya, hayaelezi mwili. Kishingo anaweza kuwa mdogo au mkubwa, kutegemea wazazi wake. Kwa hiyo mtu akikwambia "nauza kishingo", bado hajakwambia lolote kuhusu banda.

Sasa, kosa linalowapata hata wazoefu ni kuamini kwamba kuku wenye kilo sawa wanafaa banda moja. Mweke kuchi karibu na kuroiler uone. Kuchi ni mrefu, miguu mirefu, shingo imenyooka, kifua chembamba. Jogoo wake akijinyoosha kichwa kinapita goti la mtu mzima. Tena ana nguvu za kuruka. Kuroiler ni mpana, kifua kizito, miguu mifupi kwa uzito alioubeba, na kuruka kwake ni kujirusha tu. Kuchi anadai kimo cha banda. Kuroiler anadai upana wa sakafu na fito ya chini. Ukimjengea kuroiler banda la kuchi utamvunja miguu, na ukimjengea kuchi banda la kuroiler atatembea ameinama kama mtu aliyeingia chini ya uvungu.

Hatua ya 3: Piga hesabu mbili, chukua ndogo

Hesabu ya kwanza ni ya sakafu. Kwa mita moja ya mraba:

Wadogo: 10 wakiwa wa kulala tu, 6 wakishinda ndani.
Wa kati: 7 au 8 wa kulala, 5 wakishinda.
Wakubwa: 5 wa kulala, 3 wakishinda.

Kuku wa nyama wanaochinjwa wiki ya tano au ya sita huwekwa hata 10 kwa mita ya mraba, lakini hao hawakai. Usichukue kipimo chao ukampa kuku atakayekaa nawe miaka miwili.

Hesabu ya pili ni ya fito za kulalia, na hii watu wanaisahau. Mdogo anahitaji sentimita 15 hadi 18 za fito, wa kati 20 hadi 25, mkubwa 30.

Tufanye mfano. Una banda la mita 2 kwa mita 1.5, yaani mita za mraba 3. Kuroiler wa kushinda ndani: 3 mara 3 ni kuku 9. Fito: 9 mara sentimita 30 ni mita 2.7, kwa hiyo fito mbili za mita mbili zinatosha na nafasi inabaki. Idadi yako ni 9. Banda hilohilo kwa kienyeji wa kulala tu: 3 mara 10 ni 30, na kila mmoja kwa sentimita 18 unahitaji mita 5.4 za fito, yaani fito tatu. Zinaenea. Lakini kama umeweka fito mbili tu, una mita nne, zinazotosha kuku 22. Hapo idadi yako ni 22, hata kama sakafu inasema 30.

Kwa kienyeji punguza theluthi nzima kwenye jibu lolote utakalopata. Tetea wa kienyeji anaatamia mwenyewe. Ukijaza banda kwa kuku waliokomaa, vifaranga wakifikisha miezi mitatu huna pa kuwaweka. Kuroiler na sasso kwa kawaida hununuliwa vifaranga wapya kutoka kwa watotoleshaji, kwa hiyo nafasi hiyo ya akiba kwao si lazima.

Hatua ya 4: Fito za kulalia

Hapa nitakaa kidogo, maana magonjwa ya miguu mengi yanaanzia hapa.

Kuku akilala hujishusha hadi kifua kifunike vidole. Fito nyembamba kama ya ufagio inamlazimu kuku mzito kukaza vidole usiku kucha, na uzito wote unakaa sehemu moja ya wayo na ya mfupa wa kifua. Mdogo mpe fito ya unene wa sentimita 3 hadi 4. Wa kati, 4 hadi 5. Mkubwa mpe 6 au 7, na mwambie fundi aisawazishe kidogo upande wa juu na kuondoa ncha za pembeni kwa randa. Fito ya mti yenye magome tafadhali ichunwe: chini ya magome ndipo utitiri na papasi wanapojificha mchana, usiku wanatoka kunyonya damu.

Urefu kutoka sakafuni unafuata uzito. Kienyeji mdogo na kuchi wanaweza kulala hata mita moja juu. Kuku wa mayai, sentimita 60 hadi 80. Kuroiler, sasso na Malawi, sentimita 40 hadi 50 basi. Tatizo la kuku mzito ni kushuka asubuhi: anajirusha, anatua kwa uzito wote kwenye sakafu ngumu, wayo unachubuka, uchafu unaingia, uvimbe wenye kovu jeusi katikati unaota chini ya mguu.

Ipuli, hapa hapa Tabora, nilimkuta mama mmoja na sasso wake wanane kwenye banda lililojengwa kwa kienyeji, fito iko kifuani kwa mtu. Alifikiri wana kideri (mdondo) kwa sababu wawili walikuwa wanachechemea na kukaa muda mwingi. Tuligeuza mguu wa jogoo, uvimbe ule ukawa unaonekana wazi. "Mama, hawa hawaumwi kideri," fundi aliyekuwa naye akamwambia, "wanaanguka kila asubuhi." Dawa kubwa ilikuwa nyundo: fito ikashushwa hadi chini ya goti, maranda yakaongezwa sakafuni.

Fito zote ziwe kimo kimoja. Ukizipanga kama ngazi, kila kuku atataka ya juu, watasukumana, na wa chini watanyewa. Kati ya fito na fito acha sentimita 30 kwa wadogo na 45 kwa wakubwa. Kati ya fito na ukuta, 25 hadi 35.

Hatua ya 5: Mlango na viota

Mlango wa kuku (si ule wako wa kuingilia kufagia) kwa wadogo na wa kati uwe upana wa sentimita 25 na kimo 30. Kwa kuroiler na sasso, upana 35 na kimo 40. Kuchi mpe kimo cha sentimita 50 hadi 60. Upana 30 unamtosha. Mlango ukiwa mwembamba kwa kuku mpana, wa kwanza kutoka anakuwa bawabu, na wanyonge wanabaki ndani bila kula.

Kama banda limeinuliwa juu ya nguzo, ngazi yake isisimame sana. Kienyeji hata usipomwekea ngazi atajua la kufanya. Mzito anataka mteremko mdogo, wenye vijiti vya kukanyagia kila baada ya sentimita 15 au 20. Na sakafu ya fito zilizoachiana nafasi, ambayo mavi yanadondoka chini, ni nzuri kwa kuku wepesi ila kwa kuroiler na Malawi mimi siishauri. Wape sakafu iliyosakafiwa au udongo ulioshindiliwa, yenye matandiko ya sentimita 5 hadi 10. Maranda kwa maseremala yanapatikana, na pumba za mpunga pia. Vumbi la msumeno liache, hasa kwa vifaranga. Wanalila, na linapeperuka likaleta kikohozi.

Viota: kimoja kwa matetea wanne au watano. Kienyeji na wa kati, sentimita 30 kwa 30. Wakubwa, 35 kwa 40. Viwe chini kuliko fito za kulalia, vinginevyo kuku watalala humo na mayai yatakuwa machafu. Kuku mzito kwenye kiota kidogo anavunja mayai yake mwenyewe akigeuka, kisha anaonja, na akishaonja hiyo ni tabia.

Hatua ya 6: Kimo cha paa na hewa

Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai una baridi, lakini mtihani wenyewe ni Septemba na Oktoba kabla ya mvua, bati linapowaka kuanzia saa tano asubuhi. Kuku hatoi jasho. Anapoza mwili kwa kutweta, na kadiri mwili ulivyo mkubwa ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Kienyeji mdogo kwenye banda la bati fupi atateseka. Kuroiler wa kilo nne humo atakufa saa tisa alasiri, mnono kabisa, na utadhani amelishwa sumu. Kishingo ana nafuu hapa, ile shingo tupu inamsaidia kutoa joto.

Kwa hiyo: kuku wadogo, upande wa chini wa paa uwe na kimo cha angalau mita 1.5. Wakubwa wote, mita 1.8 na kuendelea. Kwa kuchi hakikisha pia kuna sentimita 70 au zaidi kati ya fito ya kulalia na bati, asije akagonga kichwa na kuchubua kishungi. Ukiweza, weka nyasi juu au chini ya bati. Nyasi peke yake ni baridi zaidi, ila zinahifadhi panya na nyoka na zinataka kubadilishwa.

Ulaze banda mashariki kwa magharibi, ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi tu. Ukuta wa tofali uishie kama sentimita 60 kwa kimo, juu yake wavu hadi paani. Paa litokeze nje nusu mita au zaidi, maana mvua za kuanzia Novemba zinakuja na upepo.

Wenye mashamba ya tumbaku wakati mwingine wanageuza bani la zamani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, kuwa banda la kuku. Kimo kinafaa hata kuchi, lakini bani lilijengwa ili joto lisitoke. Bila kutoboa madirisha mapana pande mbili zinazotazamana, harufu kali ya mavi ya kuku itakufukuza wewe kabla haijawaua kuku.

Mwembe unafaa kwa kivuli. Jenga pembeni yake, tawi lisiguse paa, kwa kuwa tawi ni daraja la nyoka na la vicheche.

Hatua ya 7: Wavu, nguzo na wigo

Wavu wa matundu makubwa unazuia kuku wakubwa wasitoke, lakini hauzuii nguchiro kuingia wala kifaranga wa kienyeji kupenya. Penye vifaranga tumia matundu ya nusu inchi, walau kwa sentimita 60 za chini, na uufukie sentimita 30 ardhini. Nguzo zipake oili chafu sehemu inayoingia ardhini, bila hivyo mchwa wa hapa wanazimaliza mapema. Mabanzi ni ya bei nafuu kuliko mbao na yanatosha kwa kuta. Ziba nyufa, papasi wanazipenda.

Wigo wa uwanja: kienyeji na kuchi wanaruka mita 1.8 bila shida, hivyo ama uwe mrefu au uwakate manyoya ya bawa moja. Kuroiler, sasso na Malawi wigo wa mita 1.2 unawatosha, na hapo ndipo wanakurudishia pesa uliyoongeza kwenye sakafu.

Hatua ya 8: Kuchanganya

Ukiweza usichanganye wadogo na wakubwa. Jogoo wa kuroiler juu ya tetea wa kienyeji wa kilo moja anamchana mgongo, na kwenye chakula mdogo hapati kitu. Kama ni lazima, gawa banda kwa wavu, kila upande na fito zake na chombo chake cha maji. Majogoo wawili wa kuchi usiwaweke pamoja kabisa, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Jogoo mmoja kwa matetea kumi anatosha.

Chanjo haichagui ukubwa. Ile ya kideri ya tone la jicho inayotengenezwa hapa nchini hurudiwa kila miezi mitatu kwa wote, siku moja. Kuku waliogawanywa kwa wavu bado wanavuta hewa moja.

Kama banda tayari lipo

Basi geuza kazi: acha banda likuchagulie kuku. Chukua futi kamba. Paa liko chini ya mita 1.5? Kienyeji wa kulala tu, au usifuge hadi uliinue. Paa refu lakini sakafu ndogo? Kuchi wachache, jogoo mmoja. Sakafu pana, paa la wastani, uwanja hauna nafasi ya kuwafungulia? Kuku wa mayai, au kuroiler wachache na fito ya chini. Ni rahisi kubadilisha oda ya vifaranga kuliko kuvunja ukuta wa tofali za kuchoma.

Kagua usiku

Wiki moja baada ya kuwahamishia, ingia na tochi saa mbili usiku, taratibu, umulike chini usiwatishe. Wote wakiwa juu ya fito na kati yao kuna nafasi ya kupitisha kiganja, umepatia. Wakiwa wamebanana upande mmoja, upande wa pili una upepo au unavuja. Wadogo wako juu na wazito wamelala sakafuni, fito bado iko juu sana. Ishushe sentimita 10, uje tena baada ya siku mbili. Wamelala kwenye viota, viota viko juu kuliko fito, au fito haziwatoshi: rudi kwenye hesabu ya hatua ya tatu uone ni wangapi uliozidisha, hao wauze Jumamosi.